Gari la Zamani Haliwaki: Kutafuta Kasoro ya Umeme kwa Kufuata Dalili

Mwongozo huu umeandikwa kwa magari ya volti 12 ya miaka ya 1990 na kurudi nyuma. Mfano wetu mkuu ni Toyota Corolla za E100 (zilizoanza 1991) na E110 (zilizoanza 1995) zenye injini za 4A-FE na 5A-FE, kwa sababu bado zimejaa barabarani na kasoro zake zinajulikana. Mwishoni tumegusa dizeli kama 1HZ ya Land Cruiser na 2L na 3L za Hiace na Hilux. Mwenye Nissan au Mitsubishi ya umri huohuo atakuta majina ya fyuzi yanatofautiana, lakini njia ya kupima ni ileile.

Jambo moja lazima likae kichwani kabla ya kushika spana: volti hupimwa umeme ukiwa unatembea. Waya wa stata (mota inayozungusha injini ili iwake) uliooza ndani, umebakiza nyuzi mbili tu za shaba, utakuonyesha volti 12.6 kwenye mita bila shida, kwa sababu mita inavuta umeme kidogo mno. Piga stata, ambayo kwenye injini ya lita 1.5 inadai ampea 100 hadi 150, na zile volti zinapotea zote kwenye nyuzi mbili hizo. Ndiyo maana mtu ananunua betri mpya, kisha stata, kisha swichi ya kuwashia, na gari bado limelala. Kila alichobadilisha kilikuwa kizima.

Vifaa vya kuwa navyo

Mita ya kidijitali ya bei ya kawaida inatosha, mradi iwe na kipimo cha ampea 10. Ongeza taa ya kupimia yenye balbu ya kweli (ile ya LED haivuti umeme wa kutosha kufichua waya mbovu), haidromita ya betri (kipima uzito wa asidi), msasa laini, brashi ya waya, spana namba 10, 12 na 14, na kipande cha waya mwembamba chenye vibanio kwenye ncha zote mbili. Msaidizi wa kupiga stata pia anahitajika, maana huwezi kusoma mita kwenye injini huku umeshika ufunguo.

Weka gia kwenye N au P, vuta breki ya mkono. Vua pete na saa ya chuma. Unapofungua betri anza na hasi, unapofunga malizia na hasi. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, kwa hiyo sigara na kiberiti vikae mbali. Nyaya za njano chini ya usukani ni za mfuko wa hewa. Usizichome wala kuzipima kwa taa.

Anza na taa kubwa

Washa taa kubwa, mwambie msaidizi apige stata, na uangalie taa. Jaribio hili linachukua sekunde tano na linakuelekeza upande wa kwenda.

Taa zikizimika kabisa mara stata inapopigwa na kurudi ufunguo ukiachwa, muunganisho wa betri umelegea au umeota kutu. Zikififia sana na kubaki nyekundu, betri imechoka, au stata imekwama na inavuta umeme mwingi kupita kiasi. Zikibaki kali kana kwamba hakuna kilichotokea, umeme mkubwa haufiki kwenye mota ya stata: tatizo liko kwenye swichi, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), waya mdogo wa stata, au shaba zilizoungua ndani ya solenoidi (swichi nzito ya sumaku iliyoshikamana na stata).

Hakuna taa yoyote, gari limekufa kabisa

Pima betri kwenye risasi zenyewe (zile nguzo mbili za betri), si kwenye vichwa vya nyaya. Betri iliyopumzika saa kadhaa ikisoma 12.6 hadi 12.7 imejaa, 12.4 ina robo tatu hivi; 12.2 nusu; 12.0 imebaki na robo. Ikisoma karibu 10.5 hata baada ya kuchajiwa, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, na betri hiyo haina dawa.

Betri ikisoma 12.6 na gari halina taa, hamisha ncha za mita kutoka kwenye risasi kwenda kwenye vichwa vya nyaya. Tofauti ikionekana hapo, kutu imekaa katikati. Pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam na Zanzibar, hewa ya chumvi hugeuza shaba kuwa kijani chini ya mpira wa waya, mahali ambapo jicho halifiki. Bonyeza waya kwa vidole karibu na kichwa: ukisikia kama unavunja mchanga, kata sehemu hiyo. Safisha kwa maji ya moto yenye magadi soda, kausha, piga msasa hadi risasi ing'ae, funga, na grisi ipake juu baada ya kufunga. Vile vichwa vya kubana nyaya kwa nati mbili, vinavyouzwa rahisi kila duka la vipuri, ni suluhisho la muda tu. Baada ya miezi waya hulegea ndani na kuanza kupasha.

Vichwa vikiwa safi na bado hakuna kitu, tafuta fyuzi kuu kwenye boksi la boneti. Fyuzi hizi hukatika pale mtu alipogeuza chanya na hasi wakati wa kubusti (kuwasha kwa betri ya gari jingine). Ziangalie kwa mita, maana nyingine huwa na ufa usioonekana.

Tukiwa kwenye kubusti, mpangilio sahihi ni huu: chanya ya betri iliyokufa, chanya ya betri nzima, hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Cheche ya mwisho inatokea pale, si juu ya gesi.

Tak! moja, halafu kimya

Dalili hii ndiyo inayopoteza pesa za watu wengi zaidi kwenye Toyota za umri huu, kwa hiyo tutakaa nayo.

Ile “tak” ni solenoidi inayovuta. Maana yake swichi ya kuwashia, rilei na waya mdogo vimefanya kazi kwa kiasi fulani. Umeme mkubwa ndio umekwama. Stata ya Denso ina alama tatu: 30 ni waya mnene kutoka betri, 50 ni waya mdogo wa kuamsha solenoidi (mara nyingi mweusi wenye mstari mweupe), na C ni ule mkanda mfupi unaoingia kwenye mota. Pima kwa utaratibu ufuatao, kila kipimo kikichukuliwa msaidizi akiwa ameshikilia ufunguo kwenye START kwa sekunde mbili au tatu.

Kwanza, betri yenyewe, risasi kwa risasi. Isishuke chini ya 9.6. Ikishuka hadi 7 au 8, chaji betri au leta nyingine nzima kabla ya kuendelea. Vipimo vyote vingine vitakudanganya. Ikishuka namna hiyo hata kwa betri nzima, stata inavuta kupita kiasi au injini imebana. Jaribu kuzungusha injini kwa mkono kwa bolti ya puli kabla ya kulaumu umeme.

Pili, upande wa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi kupitia chuma cha gari). Ncha nyeusi kwenye risasi hasi ya betri, nyekundu kwenye bodi ya chuma ya stata. Stata ikipigwa, mita isizidi volti 0.2 au 0.3. Ukiona volti 1 au 2, waya wa ethi kati ya betri, giaboksi na bodi umeoza au bolti yake imekaa juu ya rangi au kutu. Kuna ishara moja ya hatari hapa: kebo ya mafuta au kebo ya gia inapata moto baada ya kupiga stata mara kadhaa. Umeme umekosa njia ya kurudi na unapita kwenye kebo hiyo. Acha kupiga stata hadi ethi itengenezwe, la sivyo kebo itayeyuka.

Tatu, upande wa chanya. Ncha moja kwenye risasi chanya, nyingine kwenye bolti ya 30 nyuma ya stata. Isizidi volti 0.5. Ikizidi, ubovu ni waya mnene au vichwa vyake.

Nne, C hadi ethi. Kipimo hiki ndicho kinachoamua. Solenoidi ikipiga “tak” na C ikasoma sifuri huku 30 ina volti 12, shaba ndani ya solenoidi zimeungua. C ikisoma karibu volti 12 na mota haigeuki wala taa hazififii, umeme umefika kwenye mota na hauna pa kupita: brashi za kaboni zimekwisha au zimekwama kwenye vishikizo vyake.

Shaba zilizoungua si sababu ya kununua stata nzima. Toa hasi ya betri, shusha stata, fungua kile kifuniko cha duara cha solenoidi kinachoshikwa na bolti tatu ndogo, toa pistoni na springi yake. Utaona vipande viwili vya shaba. Mara nyingi kile cha upande wa betri kimelika zaidi na kimefanya ngazi. Sahani ya pistoni inatakiwa kugusa vipande vyote viwili kwa wakati mmoja. Kimoja kikiwa chini kwa milimita moja, inagusa upande mmoja na unasikia “tak” tu. Badilisha vyote viwili pamoja, hata kama kimoja kinaonekana bado, na hakikisha vimekaa kwenye usawa mmoja kabla ya kukaza. Sahani ya pistoni ikiwa na mfereji mzito, ibadilishe nayo. Kupiga tupa shaba ya zamani kunaipunguza unene na kuiweka mbali zaidi na sahani. Gari litawaka wiki hiyo kisha litarudi palepale.

Stata ikiwa imefunguliwa tayari, angalia brashi. Zikibaki chini ya milimita 9 hivi, weka mpya. Na ile desturi ya kugonga stata kwa nyundo inafanya kazi kwa sababu inasogeza brashi iliyokwama au shaba iliyolika. Ikifanya kazi, umepata jibu la kipimo, hujatengeneza.

Tak-tak-tak-tak mfululizo

Solenoidi inavuta, mota inaanza kudai umeme, volti zinaanguka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Karibu kila mara ni betri dhaifu au kichwa kilicholegea. Chaji betri kwa ampea 4 au 5 usiku mzima, iache ipumzike, pima tena. Tumia haidromita kwenye vyumba vyote sita: namba zote zikiwa chini lakini sawa, betri ilikosa chaji tu, chumba kimoja kikiwa chini ya wenzake kwa 0.050 au zaidi, betri imekwisha. Maji yakipungua ongeza maji yaliyosafishwa peke yake. Asidi haiongezwi, asidi haikauki, kinachokauka ni maji, na kuongeza asidi kunamaliza sahani haraka.

Taa zote zipo, hata “tak” hakuna

Kwa gari la otomatiki, kanyaga breki, sogeza gia hadi N na upige stata hapo. Ikiwaka kwenye N na kugoma kwenye P, swichi ya gia imelika au imesogea. Legeza bolti zake, irudishe kwenye alama, kaza. Kwenye baadhi ya magari ya manyuali ipo swichi ya klachi chini ya pedali. Kipande cha plastiki kinachoibonyeza huvunjika na kudondoka kwenye zulia.

Kisha nenda kwenye waya wa 50. Weka taa ya kupimia hapo, piga stata. Taa ikiwaka kwa nguvu na solenoidi haivuti, solenoidi ndiyo mbovu. Ukitumia mita, unatarajia volti zisizopungua 8, na gari zuri linatoa pungufu ya betri kwa volti 1 tu. Taa ikikosa kuwaka, rudi nyuma hatua kwa hatua: rilei ya stata kama ipo, swichi ya gia, swichi ya kuwashia, fyuzi. AM1 na AM2 ndizo zinazolisha swichi ya kuwashia kwenye Toyota. Ikikatika moja, nusu ya vitu vinafanya kazi na nusu havifanyi, na hilo huchanganya watu.

Kabla hujaing'oa swichi ya kuwashia, angalia chini ya usukani. Ukikuta nyaya zimesokotwa na kufungwa kwa utepe mweusi, hapo palifungwa alamu. Alamu nyingi za kufungiwa mitaani hukata waya wa stata, waya wa koili au waya wa pampu ya mafuta kwa rilei ndogo ya bei nafuu, na rilei hiyo hufa kabla ya gari. Ondoa rilei ya alamu na uunge waya uliokatwa kwa risasi ya kuchomea na mpira wa kubana kwa joto. Gari likilala sehemu yenye panya, kagua pia kifurushi cha nyaya juu ya giaboksi na nyuma ya injini.

Kama waya wa 50 hauna umeme na unataka kujua stata yenyewe ni nzima, hakikisha gia iko N, kisha gusa kwa sekunde moja kati ya chanya ya betri na 50. Stata ikizungusha injini, iache ilipo; kasoro iko kwenye njia ya kuiamsha.

Stata inalia kwa kasi na injini haigeuki

Bendeksi (gia ndogo ya stata) inateleza, au meno ya ringi gia (gia kubwa ya injini inayoshikwa na bendeksi) yamelika sehemu moja. Zungusha puli kidogo kwa spana na ujaribu tena: ikishika, ni ringi gia.

Injini inazunguka vizuri lakini haiwaki

Hapa umeme unaoutafuta ni ule wa moto (cheche za plagi) na wa mafuta. Washa ufunguo hadi ON bila kupiga stata na uangalie taa ya injini kwenye dashibodi. Lazima iwake.

Isipowaka, na balbu si iliyokufa, kompyuta ya injini haina umeme au ethi. Angalia fyuzi ya EFI (mfumo wa mafuta wa kielektroniki), rilei kuu ya EFI, fyuzi ya IGN, na ethi za kompyuta zinazofungwa kwa bolti kwenye manifoldi ya hewa. Bolti hiyo husahauliwa kila injini inapofunguliwa. Kuna sababu nyingine ambayo mafundi wengi hawaifikirii: kompyuta hutoa volti 5 kwa sensa, na sensa ya mkandamizo wa manifoldi au ya throto ikipiga shoti ndani, inaangusha volti 5 hizo na kompyuta inazimika. Chomoa soketi ya sensa moja, kisha ya pili, ufunguo ukiwa ON. Taa ya injini ikirudi, umempata mkosaji. Kompyuta nyingi zilizotupwa zilikuwa nzima.

Taa ikiwaka, soma kodi (namba za makosa). Fungua kile kiboksi cheusi kwenye boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS, unga TE1 na E1 kwa waya mwembamba, weka ufunguo ON. Taa ikipepesa haraka bila kusimama hakuna kodi. Ikipepesa mara moja, ikatulia, ikapepesa mara mbili, hiyo ni 12. Kodi 12 na 13 zinasema kompyuta haipati ishara ya mzunguko kutoka kwenye distribyuta (kigawa moto kwa plagi). Kodi 14 inasema ishara ya kurudi kutoka kwenye ignita (kifaa kinachokata na kuunga umeme wa koili) imepotea, na hapo kompyuta hukata mafuta kwa makusudi.

Sasa moto. Chomoa soketi za injekta ili usilowanishe plagi, chukua plagi nzima, ichomeke kwenye waya wake na uibane kwenye chuma cha injini. Piga stata sekunde tatu. Cheche inatakiwa iwe ya bluu na yenye sauti. Ya njano na nyembamba haitoshi. Usiuache waya wa plagi hewani bila plagi: umeme ukikosa pa kwenda hutoboa koili au ignita. Kama gari lina mshale wa mizunguko, utazame wakati wa kupiga stata. Ukichezacheza juu ya sifuri, upande mdogo wa koili unakatwa na kuungwa kama inavyopaswa. Moto ukikosekana hapo, kosa ni koili upande wa juu, rota au kifuniko. Ukibaki umelala, tafuta umeme wa koili, ignita au ishara ya distribyuta.

Koili ya Corolla hizi imo ndani ya distribyuta. Ikiwa baridi, upande mdogo unasoma kati ya omu 1 na 2, upande mkubwa kati ya omu 9,000 na 16,000. Nyaya za plagi zisizidi omu 25,000 kila mmoja. Gari lililogoma baada ya kuoshwa injini lifunguliwe kifuniko cha distribyuta kwanza: kikaushe ndani kwa kitambaa, angalia mstari mwembamba mweusi kati ya nguzo mbili. Mstari huo ni njia ya umeme kuvuja na haufutiki, kifuniko kibadilishwe.

Moto ukiwepo, geukia mafuta. Kwenye kiboksi kilekile unga +B na FP, ufunguo ON. Pampu inatakiwa ilie kwenye tenki na bomba la mafuta likaze. Ikilia hapa lakini hailii unapopiga stata, pampu ni nzima. Rilei yake au ishara ya mzunguko ndiyo inayokosekana. Isipolia hata hapa, pima volti kwenye soketi ya pampu chini ya kiti cha nyuma, pampu ikiwa imeunganishwa. Ukipata volti 11 au zaidi na ethi nzuri, pampu imekufa.

Inawaka stata ikipigwa, inazima ufunguo ukiachiwa

Dalili hii ni zawadi kwa mtafutaji, maana inaonyesha mahali penyewe. Rilei ya pampu ya mafuta ya Toyota ina koili mbili: moja inaamshwa na stata, nyingine na kompyuta injini inapozunguka. Koili ya pili au waya wake ukikatika, mafuta yanakatika mara tu unapoachia ufunguo. Unga +B na FP. Injini ikiendelea kunguruma, umethibitisha.

Kwenye magari ya kabureta yenye pointi, ambazo wengine huziita platini, dalili ileile inatokana na rezista ya koili. Wakati wa kupiga stata, koili hupewa umeme moja kwa moja. Ufunguo ukirudi ON umeme hupita kwenye rezista. Ikiwa imekatika, moto unakufa papo hapo. Mtu asiirukishe kwa waya na kuendesha hivyo, kwani koili na pointi zitaungua. Swichi ya kuwashia iliyolika upande wa ON huleta dalili hii pia: tikisa ufunguo polepole ukiwa ON, na taa za dashibodi zikizima na kuwaka, badilisha kile kipande cha umeme nyuma ya silinda ya ufunguo, silinda yenyewe inabaki.

Ikiwa baridi inawaka, ikipata moto inagoma

Pima wakati imegoma, usisubiri ipoe. Kosa likiwa ni kukosa moto, washukiwa wakubwa ni ignita na koili ya ishara ndani ya distribyuta; waya mwembamba ndani yake hutanuka na kuachana. Weka kitambaa chenye maji baridi juu ya ignita, nje tu. Gari likiwaka dakika hiyohiyo, umeshapata. Kosa likiwa ni stata nzito, rudia vipimo vya ethi na chanya hapo juu injini ikiwa moto: bushi za stata zilizolika huifanya amecha (sehemu inayozunguka ndani ya stata) kukwaruza, na stata iliyo karibu na egzosi hushindwa zaidi.

Asubuhi betri imekufa, mchana iko sawa

Washa gari kwa kubusti na upime betri injini ikinguruma. Unataka 13.8 hadi 14.5, taa kubwa na feni vikiwa vimewashwa. Chini ya 13.3 altaneta haichaji vya kutosha. Juu ya 15 regyuleta (kidhibiti volti) imekufa na inapika betri. Geuza mita kwenye volti za AC: ukiona zaidi ya 0.5, dayodi ya altaneta (kipitisha umeme upande mmoja tu) imekufa. Tafadhali achaneni na mtindo wa kuchomoa betri injini ikiwa inawaka ili “kupima altaneta”. Volti huruka juu ghafla na kuua dayodi na kompyuta.

Altaneta ikiwa nzima, kuna kitu kinanyonya gari likiwa limelala. Zima kila kitu, funga milango, toa waya hasi, weka mita ya ampea 10 kati ya waya na risasi hasi. Subiri dakika kadhaa. Miliampea 50 ni mpaka wa juu. Usiwashe ufunguo mita ikiwa hapo, fyuzi yake itakatika. Ukisoma nusu ampea, fanya hesabu: 0.5 mara saa 24 ni Ah 12 kwa siku, na betri ya Ah 45 inabaki chini ya nusu baada ya siku mbili. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Redio iliyofungwa baadaye, alamu, kifaa cha kufuatilia gari na taa ya buti ndivyo vinavyopatikana mara nyingi. Namba isiposhuka kwa fyuzi yoyote, toa hasi ya betri, chomoa waya mnene wa altaneta na ufunge ncha yake utepe, kisha pima tena: dayodi inayovuja hunyonya betri usiku kucha bila kupita kwenye fyuzi ndogo.

Dizeli za zamani

Dizeli hazina koili wala plagi za moto. Ikizunguka vizuri na haiwaki, sikiliza solenoidi ya kukata mafuta juu ya pampu ya nozo unapoweka ufunguo ON: lazima ipige “tik”. Pima waya wake. Uwe na volti 12 muda wote ufunguo ukiwa ON, hata stata ikipigwa. Kukosa moshi wowote kwenye egzosi wakati wa kupiga stata kunaelekeza hapo. Moshi mweupe ukitoka na injini haishiki, pima hita plagi: kila moja, ikiwa imechomolewa kwenye mkanda wake, isome karibu na omu 1 au chini. Isiyosoma kitu imekatika. Dar es Salaam huenda usigundue mbili zikifa. Njombe, Mbeya au Limuru asubuhi ya Julai utagundua.

Dizeli inahitaji stata yenye nguvu kuliko petroli, na injini kubwa kama 1HZ huvuta mamia ya ampea. Kwa hiyo ule upotevu wa volti 0.5 kwenye waya, unaovumilika kwenye Corolla, kwenye dizeli unaweza kutosha kuifanya izunguke polepole mno isiwake. Na kabla ya kubusti Land Cruiser ya zamani yenye betri mbili, soma kibandiko au pima kwenye stata: nyingine ni za volti 24, na hita plagi za volti 12 zikipewa 24 huungua ndani ya sekunde.